Kengele Niliyoigonga kwa Utaratibu

Jamani, leo aibu imenikuta mchana kweupe, na mashahidi wamekuja na majembe yao.

Mnajua niko huku juu, nchi inapoanza kushuka kuelekea Hanang, na vijana wenzangu wa parokia. Likizo ya kujitolea. Tunakarabati kanisa la misheni ya zamani, lile la mawe ambayo mababu waliyabeba kichwani kutoka korongoni.

Kanisa lina ugonjwa mmoja. Maji ya mvua yanashuka mlimani na kuingia chini ya ukuta wa nyuma. Ukuta umeanza kuinama kama mtu anayetafuta sindano. Mfereji usipochimbwa kabla ya mvua, ukuta unalala. Sisi tuko kumi na wanne (nimehesabu mara mbili; mmoja ni mpishi, hachimbi). Ardhi ni ngumu. Wiki nzima tumechimba mfereji ambao kuku anauvuka bila kuruka.

Nikasema mimi siwezi kuondoka hapa na kuacha ukuta wa mababu uanguke. Jana nikamfuata Mama Veneranda, mwenyekiti wa kigango. Mimi nimekulia mnadani Dongobesh, nyuma ya meza ya mitumba ya mama yangu. Kwangu hakuna bei isiyoshuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Tunaomba wanakijiji watusaidie kuchimba. Siku mbili tu."

"Watu wako mashambani. Mvua iko njiani."

"Siku moja?"

"Hapana."

"Nusu siku? Asubuhi tu? Saa moja?"

"Endelea kushuka," akasema. "Ukifika sifuri niambie, tukubaliane."

(Nimeshabishana na wauza mbuzi. Huyu ni kiboko yao.)

Ila sikutoka mikono mitupu. Nilipata ruhusa ya kengele ya zamani. Tangu boriti yake ioze, kengele ililala stoo chini ya magunia ya mahindi, na Jumapili wanagonga rimu ya lori. Rimu yenyewe haisikiki hata shamba la pili. Nikapiga hesabu: kengele ikirudi juu, Jumapili watajaa, nami nitasimama niwaombe wote kwa mpigo.

"Ifungeni," alisema Mama Veneranda. "Lakini msiigonge ovyo."

Nataka hili lieleweke vizuri: sikuigonga ovyo. Niligonga kwa utaratibu. Ndicho kilichoniponza.

Leo mchana tukaipandisha. Boriti mpya, kamba mpya. Nikabaki juu peke yangu na wasiwasi. Je, kama ina ufa? Sufuria ya mnadani unaigonga kwanza, unasikiliza, ndipo unainunua. Nikagonga mara moja. Ngooo. Nikasubiri mlio uishe kabisa. Nikagonga tena. Nikasubiri. Nikahamia upande wa pili, nikarudia yote, kuhakikisha.

"Inatosha!" akapiga kelele Paskalina, rafiki yangu, aliyekuwa chini ameshika ngazi.

"Tulia, bado nasikiliza!"

Haikupita robo saa. Nikaona watu wanashuka vilimani. Wanaume na majembe! Wanaume na sepetu! Wanawake na kuni kichwani, ndoo za maji, unga! Machozi yalinilenga.

"Umeona?" nikamwambia Paskalina nikishuka mbio. "Hata Jumapili haijafika!"

"Mbona wamenuna?"

"Wewe ukienda kuchimba unacheka?"

Nikawapokea getini kwa mikono miwili. "Karibuni! Karibuni sana! Tumewasubiri kwa hamu!"

Mzee mmoja mwenye koti refu akavua kofia, akanishika mkono, hakuuachia.

"Poleni sana, mwanangu."

"Asante mzee, ndiyo kazi." Nikampeleka moja kwa moja kwenye mfereji.

Akautazama. "Mbona refu hivi?"

"Huo bado, mzee. Unatakiwa kufika kona ile."

"Kwani ni wangapi?"

"Kumi na wanne," nikasema kwa kujiamini. "Vijana watupu, wote wa Dongobesh."

Mzee akakaa chini.

Nyuma yangu mama mmoja akaangua kilio. Wakafuata wengine. (Nilidhani wameguswa na moyo wetu wa kujitolea. Nisameheni.) Wengine walikuwa wanamlilia Mzee Tluway, katekista, ambaye amerudi juzi tu kutoka hospitali. Mwanamume mmoja ameegemea jembe anasimulia kwa uchungu, "Alikuwa mpole yule, hakuwa na neno na mtu..."

Getini akatokea Mzee Tluway mwenyewe. Blanketi begani, fimbo mkononi, anahema.

"Nimesikia kengele ya msiba. Nani ametutoka?"

Yule wa jembe akajificha nyuma ya mpini.

"Endelea," akamwambia yule wa jembe. "Ulifika kwenye upole."

Macho yote yakapanda kwenye kamba ya kengele. Halafu yakashuka kwangu. Mama Veneranda akapasua katikati ya watu.

"Uligongaje?"

"Moja... halafu nikasubiri. Halafu moja."

"Ya Jumapili hugongwa mfululizo! Moja moja ni ya maiti! Hapa hata ng'ombe wanajua!"

Kwetu tunatangaziwa misiba kwa kipaza sauti. Ningejuaje? Paskalina alikuwa ameushika ukuta, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Nilitamani ardhi ipasuke, ila ardhi ya huku nishawaambia ni ngumu. Basi nikakaza moyo. Wateja wakishakusanyika mezani, huwaachi waondoke.

"Wazee wangu, shikamooni. Hakuna aliyekufa. Ila ukuta huu ndio unaokata roho, na majembe mmeshakuja nayo. Naomba saa moja." Wakatazamana. "Nusu saa?"

Mzee Tluway akachungulia mfereji, akaupima kwa fimbo.

"Mimi kaburi leo sina haja nalo," akasema. "Mchimbieni huyu mfereji wake, kabla hajatuua kweli."

Wakachimba! Jua lilipoanza kulala mfereji ulikuwa umefika kona, kina cha kiuno. Mvua ije.

Adhabu yangu nimepewa na Mama Veneranda. Watu wa mbali bado wako njiani, kwa hiyo nikae hapa njia panda, kila anayefika nimweleze kwa mdomo wangu, nikianza na shikamoo. Mfugaji mmoja amepanda kutoka bondeni na kondoo wa rambirambi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa jicho. Kisha akaniomba nianze upya, mke wake alichelewa kufika.

Sasa naona seremala anakuja na mbao na futi kamba. Anayetaka kucheka ruksa, ila aje na jembe. Upande wa sakristia bado haujachimbwa.