Masese Ajipeleka Kambi ya Nidhamu

Jumatatu, 1 Septemba

Oketch yuko Litein kwa likizo. Mgongo umenyooka kama mlingoti! Juzi tu tulikuwa tunapakia magunia ya majani chai pamoja pale kituoni. Leo ni mwanajeshi, na wasichana wa sokoni wanamnunulia soda. Wao wanamnunulia yeye!

Nilimuuliza walimfanya nini huko Eldoret, kwenye chuo cha makurutu. Akasema ni kukimbia, kufokewa na kulala kidogo. Basi? Basi.

Nimefikiri kutwa nzima. Usajili wa jeshi ni mwezi ujao. Nikipata pahali pa kukimbizwa na kufokewa mapema, nitawapita wote. Na pahali papo. Karibu na Siongiroi kuna Kambi ya Nidhamu ya Afande Mogaka, ambako wazazi hupeleka vijana waliowashinda. Shida ni moja tu: mimi sijamshinda mama. Mimi ni kijana mzuri sana.

Itabidi niharibike.

Jumatano, 3 Septemba

Nimeharibika. Nilijimwagia chang'aa kwenye shati, nikaingia nyumbani nikiyumba, nikaimba wimbo wa kanisa huku nimegeuza maneno. Mama akalia. Hilo sikulipanga. Kemuma, dada yangu mdogo asiye na huruma, alininusa mdomo akasema mlevi ni shati peke yake. Kwa bahati mama hakumsikia. Alikuwa ameshampigia mjomba, na mjomba akasema anamjua afande mmoja huko Siongiroi.

Nilijifanya nakataa. Nikashika fremu ya mlango, lakini si sana.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimefika! Wanaume wawili walinikamata mikono, wakachukua simu na viatu. Niliwaambia naweza kutembea mwenyewe. Walishangaa, lakini hawakuniachilia. Nadhani ni mazoea.

Alfajiri tunakimbia pekupeku kuzunguka shamba la mahindi. Kisha pushapu. Afande Mogaka anatuita takataka. Safi kabisa! Nilimaliza wa kwanza nikauliza kama kuna raundi nyingine. Wenzangu waliniangalia vibaya. Naona hawana lengo maishani.

Jioni lango lilifungwa kwa kufuli. Nikauliza sababu. Afande akasema ni fisi. Ila kufuli iko upande wa nje. Fisi ni sisi?

Jumatatu, 8 Septemba

Nimemwambia Afande ukweli: mimi si mlevi, nataka mazoezi ya jeshi hasa. Akanitazama kwa huruma, akasema kila mlevi husema hivyo akifika. Nikamwambia niliigiza. Akasema walevi waliofika hatua ya pili husema hivyo pia. Akanipa debe la maji nizunguke nalo kichwani.

Nimezungumza na Moureen. Baba yake ni mwalimu. Moureen aliacha chuo cha uuguzi ili asuke nywele, na baba akamleta hapa arudishwe akili. Aliniuliza nani alinileta. Nikamweleza mpango wangu wote, kwa fahari. Akanitazama juu hadi chini.

"Yaani ulikuja mwenyewe? Basi mgonjwa hapa ni wewe peke yako."

Nilicheka, lakini sijamwelewa vizuri.

Kuna jambo linanisumbua. Pushapu ni zilezile za jeshini. Matusi nadhani ni yaleyale. Oketch alitoka Eldoret amekuwa mrefu. Hapa kila anayekaa anazidi kuwa mfupi. Kwa nini? Labda ni sukuma wiki tunayolishwa. Haina chumvi.

Alhamisi, 11 Septemba

Cheo! Afande ameona bidii yangu. Amenipa kipenga, nikavishwa shingoni mbele ya wote. Sasa mimi ndiye kiongozi wa kikosi. Laiti Oketch angeniona.

Moureen alinikodolea macho, nikamfanya azunguke shamba mara mbili. Halafu kuna Omosa, kijana mnene wa Kipkelion aliyeletwa kwa sababu ya kubeti mipira. Akalalamika goti linamuuma. Nikamwambia askari hana goti.

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Yalitoka tu, tena kwa sauti ya Afande.

Jumamosi, 13 Septemba

Siku mbaya. Omosa alianguka akiwa amebeba jiwe. Jiwe ambalo mimi nilimchagulia. Goti limevimba kama papai, mwili unawaka, anatapika. Nikapuliza kipenga watu waje wasaidie. Wote wakakimbia wakapanga mstari! Wakasimama wima wakinitazama.

Afande akasema Omosa anaigiza, aachwe hapo hapo. Nikambeba mgongoni. Kazi hiyo naijua, ni gunia linaloomboleza tu. Nikafika langoni. Nikamwambia Afande afungue. Akasema hapa hakuna mtu anayetoka.

"Anakufa, Afande."

"Hakuna anayetoka!"

Moureen akaja akasimama kando yangu. Kisha wengine, mmoja mmoja, bila kuitwa na bila mstari. Afande alituhesabu kwa macho. Akampigia kelele mlinzi afungue.

Zahanati haiko mbali. Muuguzi Chepchirchir alilifunua goti akakunja uso. Akasema usaha umeshaingia ndani, wangemchelewesha kidogo angepoteza mguu au uhai. Akaita ambulansi ya kumpeleka hospitali, kisha akaita polisi.

Tulipokuwa tunangoja tulikaa benchi moja, mimi na Afande. Nikamuuliza kama jeshini ni hivi. Nilitaka kujua kweli. Akasema hajui. Kumbe alifika Eldoret kijana, akakaa siku chache tu. Akamwambia mkufunzi ameshindwa. Wakampa begi lake, wakamfungulia lango.

"Nilitembea polepole hadi barabarani, Masese. Nilidhani mtu ataniita nirudi. Hakuna aliyenizuia. Hata mmoja."

Alikuwa analia. Nikampa leso yangu. Polisi walipofika wakauliza ni nani waliokuwa wakitoa amri, na Chepchirchir akaonyesha mzee anayelia na kijana mwenye kipenga.

Jumapili, 14 Septemba

Seli ina viroboto wenye nidhamu kuliko sisi. Wanashambulia kwa zamu.

Moureen alikuja kuandikisha taarifa. Alisema mimi ni mjinga, lakini nilimbeba. Polisi akaandika yote mawili, nikaachiliwa. Afande amebaki ndani. Kambi imefungwa. Nilimwomba Moureen msamaha kwa zile raundi. Akasema Omosa ndiye wa kuombwa, si yeye, akapanda pikipiki kwenda kwa shangazi yake Bomet. Kwa baba harudi.

Mama alinishika mkono asiseme neno hadi nyumbani. Ingekuwa afadhali anifokee.

Oketch ndiye aliyemsindikiza. Nikamuuliza goti likivimba kule Eldoret inakuwaje. Akasema liliwahi kumvimba mwenzake. Sajenti aliyekuwa akimtukana asubuhi na jioni alimbebea begi mwenyewe hadi kwa daktari, akirudi kumtukana kila baada ya hatua kumi. Kijana akapona, akaanza upya na kundi lililofuata. Nikauliza: je, angetaka kwenda nyumbani? Oketch akanishangaa. Angekwenda, akasema. Tulikuwa tunaogopa kurudishwa, Masese. Nyinyi mlikuwa mnaogopa kubakizwa.

Nimelifikiria sana hilo. Ni jambo zito. Na goti la Omosa limepasuliwa, anaendelea vizuri. Nimemtumia ujumbe. Bado hajajibu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Usajili, Kericho! Nilifika kabla ya jua. Miguu kama chuma. Katika kukimbia ningewaacha wote, naapa. Lakini kabla ya kukimbia kuna meza, na mezani kuna ofisa anayeangalia kitambulisho. Akasema mwisho ni miaka ishirini na sita. Mimi nilitimiza ishirini na saba mwezi wa Julai. Ilikuwa kwenye tangazo la gazeti. Nani husoma tangazo hadi chini?

Ofisa alikuwa na adabu. Akaniambia nirudi nyumbani kijana, kuna maisha mengine.

Nimerudi. Na njiani nimepata wazo. Kuna wakili mmoja Litein anayeandika hati za kiapo. Nikiapa kwamba nilizaliwa miaka mitatu baadaye, usajili ujao nitakuwa bado mbichi. Tatizo dogo: hapo Kemuma atakuwa amezaliwa kabla yangu. Nimemweleza taratibu kwamba kuanzia Jumatatu yeye ndiye kifungua mimba, na kwamba ni heshima kubwa.

Amekataa. Nimeanza kumwamkia shikamoo kila anapopita, ili azoee.