Kebo Yenye Chuma na Jumamosi ya Kpando

Jumatano, 12 Februari
Kesho Mhandisi Esinam anachagua kebo ya mtandao ya kutundika kwenye nguzo za umeme, kutoka Kpando hadi ng'ambo ya Mto Dayi. Atakayeshinda ndiye kiongozi wa kikosi. Tumebaki wawili, mimi na Selorm. Kebo yake haina chuma hata cha kutengenezea pini. Tambi tupu! Yangu ina uti wa mgongo wa chuma. Nimening'inia juu yake na kubembea mbele ya kikosi kizima. Makofi! Selorm kasema tu kwamba yake inapanda umeme ukiwaka, ila yangu lazima mji uzimwe. Basi uzimwe! Swichi ziliwekwa za nini?

Alhamisi, 13 Februari
Ushindi! Bi Esinam kakubali nianze mimi, mradi nichague siku ambayo kuzima umeme hakutamuudhi mtu. Nimechagua Jumamosi. Ofisi zimefungwa, shule zimefungwa, nani ana haja na umeme? Watu wa umeme wamekubali. Bi Esinam sijamtajia siku. Nataka ashtukie kazi imekwisha. Selorm kauliza, "Efo Edem, Jumamosi? Una hakika, kaka?" Mwenye wivu ajinyonge.

Ijumaa, 14 Februari
Mji una pilikapilika. Mahema barabarani, spika ndefu kuliko milango. Shangazi Akpene anapiga pasi nguo nyeusi. Nimemuuliza kafa nani. Kanitazama kama mbuzi aliyeingia kanisani. Ati ni mjomba wa Bi Esinam, anazikwa kesho, mji mzima unakwenda, wewe unaishi wapi? Nimeendelea kula ugali wangu wa akple. Nikiahirisha, Selorm atachukua nafasi. Nitafanya haraka. Wakimaliza kulia, nami nimemaliza.

Jumamosi, 15 Februari
Umeme ulizimwa katikati ya wimbo wa mazishi. Kimya! Nikiwa juu ya nguzo, nikaona wanawake wa nguo nyeusi na nyekundu wanakuja mbio. Wakachukua ngazi yangu. Wakadai umeme urudi. Nikawaeleza hauwezi kurudi mimi nikiwa huku juu. Wakasema basi shuka. Nikasema ngazi mnayo nyinyi. Wakasema hawaitoi mpaka umeme urudi. Tukazunguka hapo hapo mpaka jua likanichoma utosi. Bi Esinam akafika, macho mekundu. "Edem, marehemu alikukosea nini?" Selorm ndiye aliyewapigia magoti wakaitoa ngazi. Niliposhuka akaninong'oneza, "Mpanda ngazi hushuka." Nimeaibika. Kweli nimeaibika.

Jumatatu, 17 Februari
Kebo ya Selorm imepanda leo. Redio zinaimba, friji za sokoni zinanguruma, hakuna aliyekasirika. Mimi nilishika kamba. Nilipanga kununa, nikasahau. Imependeza, nakubali.

Kisha Bi Esinam kaniita. Mtoni nguzo zimeachana mno, tambi ya Selorm haitahimili uzito wake yenyewe. Hapo ndipo chuma changu kinatakiwa! "Kwa kebo hukukosea, Edem. Ulikosea siku." Nikiivusha vizuri, kikosi cha ng'ambo ni changu. Moyo unaruka!

Safari hii nimetumia akili. Jumamosi ni ya mazishi, hilo limeniingia. Nimeomba umeme uzimwe Jumapili asubuhi.

Shangazi Akpene kaniletea shati jeupe, limepigwa pasi. Ati Jumapili nisikose kanisani. Familia ya chifu inazika Jumamosi hii, Jumapili asubuhi ina ibada ya shukrani, na spika zimeshakodiwa. Nimemwambia anishikie kiti karibu na spika, nitachelewa kidogo tu.