Ombi la Tai na Adabu kwa Waonyeshaji wa Treni Ndogo wa Ashlow

Kwa Bwana Desmond Tattersall,
Msimamizi wa Maonyesho,
Klabu ya Treni Ndogo,
Ukumbi wa Kanisa, Ashlow, Yorkshire.

Ndugu Msimamizi,

Nakuita ndugu kwa haki kabisa, kwani mume wangu Clifford hukutana na wewe mara nyingi kuliko anavyokutana na ndugu yake wa tumbo moja, tena nyinyi mkikutana mnaongea. Natumaini hujambo, na goti lako nalo halijambo.

Nakuandikia kwa maslahi ya umma. Nimegawa chai kwenye maonyesho yenu ya treni za mfano zinazozunguka juu ya meza tangu Clifford alipojiunga na Klabu, na ninayoyaona kutoka dirisha la jiko ni mengi kuliko wanayoyaona wanaolipa kiingilio. Nimenyamaza siku zote. Mvumilivu hula mbivu, lakini mimi nimevumilia mpaka mbivu imeozea mtini. Sasa naiomba kamati ipitishe kanuni ya mavazi na adabu kwa waonyeshaji wote, na kanuni hiyo ianze Jumamosi ya maonyesho yajayo, isicheleweshwe hata wiki moja.

Kwamba Jumamosi hiyo hiyo, saa nane mchana, binti yetu wa pekee Rosalind anaolewa katika kanisa lililo ua mmoja na ukumbi wenu, hilo ni sadfa tu, wala lisikusumbue. Tarehe aliichagua Clifford mwenyewe. Watoto, yaani Rosalind na mchumba wake, walimuuliza siku gani itamfaa, akafungua kalenda ya Klabu, akasema hiyo itamfaa sana kwa sababu atakuwa tayari yuko jirani. Maana ya huo ujirani niliielewa kadi zikiwa zimeshachapishwa.

Basi malalamiko yangu ni haya.

1. Mavazi. Mume wangu ana sweta. Nasema ana sweta kama wengine wanavyosema fulani ana kisukari. Zamani lilikuwa la kijani. Kiwiko cha kulia kimeota majani, yale majani ya unga mnayonyunyizia vilima vyenu; yalinata kwenye gundi na yamestawi. Mtu huyo huyo alikaa jioni mbili, pumzi ameibana, akimchorea tai kwa rangi stesheni masta wake wa plastiki ambaye hafiki urefu wa kidole gumba changu. Tai nyekundu, tena ina fundo! Viatu vinang'aa, na kwenye kizibao kuna saa ya mnyororo. Lakini nilipomletea tai yake mwenyewe, ya kumpeleka mwanawe kanisani, aliniambia, "Mama, hiyo itaninyonga." Yule wa plastiki mbona yuko salama mpaka leo?

Utasema niongee naye nyumbani. Ndugu Msimamizi, Clifford hubishana na daktari, hubishana na mchungaji, na huwa anabishana na mtu wa hali ya hewa kwenye redio, tena kwa hoja. Kanuni za Klabu habishani nazo. Mlipopiga marufuku kuweka kikombe juu ya meza ya reli, alirudi nyumbani, na tangu siku hiyo hajaweka kikombe juu ya meza yoyote, hata ya kulia chakula. Anakishika mkononi mpaka chai iishe, na kama simu ikilia ananipa mimi nimshikie. Kwa hiyo serikali yake ni ninyi. Mimi kwake ni raia tu.

2. Migongo, na yaliyo chini ya migongo. Treni ikikwama, muonyeshaji hujipenyeza chini ya meza kutafuta waya, na suruali yake hubaki nyuma kama mtoto asiyetaka shule. Watu wamekuja na watoto kutazama milima, mara wanaona mwezi mpevu unachomoza nyuma ya kilele, saa nne asubuhi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Bwana Neville Oddie ametuonyesha kwamba hata ya kununua haisitiri. Huyu Bwana Oddie, kwa faida ya wanakamati wapya, ndiye mwenye meza ya pili kutoka mlangoni, na huvaa kaptura hata theluji ikianguka. Tumemwalika harusini. Kadi imesema mavazi ni rasmi, naye akanifuata mpaka dirishani kuniuliza kama maana yake ni kaptura nyeusi.

3. Ulimi. Kuna msichana mdogo alisimama mbele ya Bwana Oddie akamwambia kwa heshima kwamba treni yake ni nzuri. Asante ilimshinda. Alimjibu, "Hiyo si treni, mjukuu wangu. Hicho ni kichwa. Treni ni pale kichwa kikishafungwa mabehewa." Mtoto akaangua kilio. Clifford akaiacha meza yake akaja mbio, nami nikafurahi, nikidhani anakuja kubembeleza. Kumbe anakuja kumuunga mkono mwenzake, na kuongeza mwaka ambao kichwa hicho kilitengenezwa. Mnaijua miaka ya kila mashine iliyowahi kutoa moshi kaskazini mwa nchi hii, lakini neno "karibu" mpaka leo halijapata njia.

Sasa wafikirie wakwe zetu. Mama wa bwana harusi, Bi Imogen Fanshawe, ni mtu wa kusini, wa zile nyumba ambazo hata vitambaa vya kufutia mdomo hupigwa pasi. Alikuja kwenye maonyesho ya mwaka jana kwa hisani yake tu, apate kumjua baba wa Rosalind. Alisimama mbele ya meza akikohoa kistaarabu, Clifford kampa mgongo, mpaka kikohozi kikawa cha kweli. Alipogeuka na kumtambua, maskini mume wangu, alimpa mkono kwa furaha yote, mkono ambao dakika hiyo ulikuwa umetoka kubandika paa la stesheni. Bi Fanshawe aliondoka na mkono wake, lakini glavu ilibaki kwa Clifford. Ilimnata kiganjani mpaka baada ya chai. Unadhani aliomba radhi? Alimwita yule mama kwa sauti ukumbi mzima, arudi ajionee mwenyewe jinsi gundi ile ilivyo bora, hasa kwa mabati.

4. Mkono. Hapa sizungumzii wa Bi Fanshawe. Nazungumzia ule unaoshuka kutoka mawinguni treni inapogoma katikati ya njia, mkubwa kama kanisa, unang'aa mafuta ya soseji, unalisukuma behewa na kurudi ulikotoka bila neno. Ndugu Msimamizi, pale kwenye jukwaa la stesheni kuna abiria arobaini wa plastiki. Wamesimama tangu Rosalind anang'oa meno ya utoto, na wamevaa vizuri kuliko mtu yeyote ukumbini, akina mama na kofia zao, akina baba na makoti. Hakuna aliyewahi kuwaamkia. Hakuna aliyewatangazia kwamba treni itachelewa. Napendekeza Mkono uwe safi, na mwenye Mkono atamke kwa sauti, "Samahanini abiria, ni tatizo dogo." Usicheke. Anayezoea kumwomba radhi mtu wa plastiki, iko siku atamwomba radhi Bi Fanshawe.

5. Chakula. Kipande cha pai ya nguruwe kilidondoka kinywani mwa Bwana Oddie kikaangukia reli, kikaziba njia ya kwenda bondeni. Mtu mwenye haya angekiondoa. Yeye alikipaka rangi ya jiwe, akapanda vichaka viwili pembeni, na mwaka huo meza yake ikashinda kikombe cha mandhari inayofanana zaidi na kweli. Mimi ndiye niliyemkabidhi kikombe. Niliinusa ile pilipili manga huku natabasamu mbele ya kamera. Nauliza tu: kama hivyo ndivyo anavyokula kwenye maonyesho, keki ya harusi ya mwanangu itageuzwa mlima gani?

6. Kanuni yenyewe. Najua kamati ina kazi nyingi, kwa hiyo nimeshaiandika, ninyi mnapiga kura tu.

Kila muonyeshaji avae suti nyeusi, shati jeupe, tai, na viatu vilivyopigwa rangi. Avae ua moja jeupe kwenye ukosi, kwa sababu za usalama. Saa nane kasorobo treni zote zisimame ili reli zikaguliwe, na ukaguzi huo ufanyike polepole, usiishe kabla ya keki. Muonyeshaji yeyote mwenye binti ajizoeze kutembea taratibu, kifua mbele, bila kuinama njiani kuokota skrubu. Na muonyeshaji yeyote atakayeulizwa na mchungaji ni nani anayemtoa binti huyu, jibu ni "mimi", basi. Asiongeze mwaka wa kutengenezwa.

Wakitokea wanakamati wa kusema kanuni hii imeshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja, waambie nguo yoyote inayokaa vizuri hushonwa hivyo.

7. Hili si lalamiko, ila namba nimeshaiandika na sipendi kukatakata karatasi. Rosalind alikuja tumeshakata tamaa ya kupata mtoto. Clifford ndiye aliyemlaza, aliyemwamsha, aliyemfundisha kusoma kwa ratiba za treni. Na watu wa mji huu, miaka yote hii, wamemwona mume wangu kwa nyuma. Mimi nimemwona kwa mbele, na nakuapia ni mzuri. Nataka siku moja tu watu wamwone kama ninavyomwona mimi, na wakwe wajue kwamba mwanangu katoka kwa watu. Nikikosa hilo nitaumia sana, na sitaweza kumwambia mtu.

Nakushukuru kabla hujakubali, ili ikuwie vigumu kukataa. Nisalimie mkeo na shingo yake, nisalimie kamati nzima, yule bwana wa mlangoni anayewapiga watu mihuri mikononi hata wasipotaka, na abiria wote wa jukwaani, mmoja mmoja.

Wako, kwa heshima na chai ya moto,
Bi Winifred Hebblethwaite
(mke wa meza ya nne)

Nyongeza: Barua hii ilikuwa bado inangoja stempu, suti niliyomwagizia Clifford ikafika. Clifford aliivaa bila kubishana, na hapo ndipo ilipaswa nishtuke. Alishuka ngazi akasimama katikati ya sebule, mikono kaitenga na mwili, hagusi kiti, hagusi ukuta. Redio ikasema kesho jua, naye akainyamazia, wakati hata mimi niliona kabisa kwamba ni mvua.

Rosalind akaingia. Baba yake akafungua mikono kumkumbatia kama siku zote, halafu akairudisha.

"Baba, unaumwa?"

"Mama yako kasema nisijikunje."

Mtoto akanitazama mimi. Angenitazama kwa hasira ningemjibu, majibu ninayo mengi. Alinitazama tu. Akasema, "Mama, mimi nataka kuingia kanisani na baba. Huyu simjui." Akaanza kulia, na baba mtu akalia, lakini kwa kujikaza, shingo mbele, machozi yasidondokee suti. Nikaona nilichokifanya. Nilimvua mwenyewe, na tai niliifungua kwa meno, maana fundo nilikuwa nimelikaza kwa hasira zangu zote.

Kwa hiyo naiomba kamati iyatupe yote niliyoandika hapo juu, tangu namba moja mpaka saba. Kama mmeshaipitisha kanuni kabla ya kusoma mpaka hapa chini, ifuteni. Mkikataa kuifuta nitaandika barua nyingine, na hiyo haitakuwa na adabu. Clifford atakuja na sweta lake. Nimempigia simu Bi Fanshawe kumjulisha, akasema anashukuru kwa kupewa muda wa kujiandaa.

Limebaki ombi moja. Leo nimekwenda kanisani kupanga viti. Upande wa bwana harusi umejaa majina mpaka mlangoni. Upande wetu tupo mimi, shemeji yangu na Bwana Oddie, halafu mabenchi matupu, maana Clifford hana watu wengine ila ninyi. Saa nane kasorobo zimeni treni mje, wote, mlivyovaa. Mkae mbele.