Tiketi Mbili za Treni ya Uwanja wa Ndege

Jumatatu, 3 Februari

Habari mbaya. Baba mkwe anakuja Delhi. Habari mbaya zaidi: anakuja kwa ndege.

Mke wangu Phulo alinipigia simu asubuhi nikisukuma toroli za mizigo. Jicho la kulia la baba yake lina mtoto wa jicho, daktari wa kwetu Madhubani ameshindwa. Basi Alhamisi mzee atapandia ndege Darbhanga na kushukia hapahapa ninapofanya kazi. Nauli amelipa mwenyewe. Ameuza ndama wa nyati wake wa maziwa.

Kisha Phulo akashusha sauti, maana mama yake alikuwa karibu. Mzee haji kwa jicho tu. Anakuja kututazama sisi wakwe zake wawili. Akiridhika nami, Phulo ataruhusiwa kuja kuishi nami. Asiporidhika, basi.

Miaka mitatu mke wangu anakaa kwa baba yake. Mzee amesema wazi kwamba hampeleki binti kwa mwanamume anayelala na wenzake saba chumba kimoja. Simlaumu. Hata mimi nisingempeleka.

Lakini Tetari, dada yake Phulo, yuko hapahapa mjini na mumewe. Mumewe ni Jibach. Mwanyumba wangu. Anafagia ndani ya ile treni ya haraka inayotoka uwanja wa ndege kwenda katikati ya mji. Ana sare ya bluu, jina lake limeshonwa kifuani. Huiita "treni yetu". Kana kwamba ameinyonyesha yeye.

Mchana Jibach naye akapiga. Alishajua kila kitu. Amebadilishana zamu ili Alhamisi awe ndani ya treni atakayopanda Baba. Akasema, "Baba atakaa kwenye kiti laini, mwanyumba, na mimi mbele yake na sare yangu." Nikasema vizuri sana. Meno yaliniuma mpaka jioni.

Jumanne, 4 Februari

Nina mpango. Nitamtisha mzee asiikaribie treni. Tutapanda basi. Saa nzima tutakaa bega kwa bega, nimweleze mimi ni mtu wa namna gani. Jibach atasubiri na kiti chake laini.

Nikampigia mzee. Nikamwambia, Baba, treni ile hupita chini ya ardhi, gizani, kama panya. Akaguna. Nikafurahi. Kisha akauliza, chini hivyo mpaka wapi? Nikasema karibu njia yote. Akasema Jibach amemwambia kuna mahali hupita juu, hewani, magari yakiwa chini yake. Nikakiri kwamba mahali hapo papo.

Akasema, "Mimi nina miaka sabini, mkwe. Sijaenda chini, sijaenda juu. Alhamisi nitakwenda kote." Akakata simu. Phulo anasema alikwenda moja kwa moja kuwatangazia majirani.

Mpango wa pili, bora kuliko wa kwanza. Jibach yuko ndani ya treni, hawezi kutoka kazini. Mimi niko mlangoni pale wageni wanapotokea. Nitamdaka Baba, nimpandishe treni inayotangulia ile ya Jibach, na tiketi nimkatie mimi. Mzee atafika mjini mikononi mwangu. Jibach atafagia nyayo zetu.

Nikampigia Jibach, nikamzungukazunguka kwa maneno mpaka nikauliza treni hupishana kwa dakika ngapi. Akanieleza yote bila hila. Nikauliza kama naweza kukata tiketi mapema, niziweke. Akasema hapana, tiketi hufa siku ileile, nikate Alhamisi yenyewe. Halafu akaongeza: "Njoo nawe uipande, Bechan. Miaka mitatu unawafikishia watu mizigo mpaka mlangoni kwetu, hujaingia hata siku moja."

Tusi hilo. Ni kweli, lakini ni tusi.

Jumatano, 5 Februari

Leo ilikuwa siku ya mazoezi. Haifai Baba anikute nashangaashangaa getini kama mbuzi sokoni. Saa ya chakula nikakata tiketi, nikaingia.

Ni lazima niseme ukweli humu, maana hasomi mtu. Nilikuwa nimetoka zamu mbili mfululizo. Kiti kilikuwa laini. Ndani kulikuwa na joto zuri, na nje ukungu. Treni haikuruka wala kutikisika, iliteleza tu. Nikasema nifumbe macho mpaka kituo kinachofuata.

Niliamshwa na ufagio mguuni. Jibach. Saa mbili zilikuwa zimepita. Nilikuwa nimekwenda mjini, nikarudi, nikaenda tena, nikarudi tena. Alisema alinipita mara mbili akaona huruma kuniamsha. "Ulikuwa umechoka, ndugu yangu. Nikafagia taratibu."

Huruma yake imeniponza. Getini mashine ilikataa tiketi yangu, imekaa ndani kupita kiasi, nikatozwa faini. Jibach akalipa kabla sijafika mfukoni. Kisha akanipa mkebe wake wa chakula. Samaki wa haradali na wali, mkono wa Tetari. Nilimla samaki yule kwa hasira. Alikuwa mtamu. Hilo nalo likaniudhi.

Kazini, msimamizi Dagar alikuwa ananingoja. Kesho nimepangiwa toroli za maegesho ya mbali, kule ambako hata ndege huzisikii. Nikamwomba, akasema nikalale tena kwenye treni. Sijui nani kamwambia.

Ilibidi nibadilishane na Nandlal, ambaye kesho yuko mlangoni. Nandlal hafanyi kitu bure. Amechukua blanketi langu. Naandika haya nimejifunika magunia mawili ya mchele. Si kitu. Phulo akija ataleta mablanketi.

Alhamisi, 6 Februari

Alfajiri nilikata tiketi mbili. Nikazitia mfuko wa shati, upande wa moyo.

Ukungu. Ndege ya Darbhanga ikachelewa saa tatu. Niliazima koti la mwenzangu mmoja, mikono imefika kwenye viwiko. Nikangoja.

Baba akatokea. Fimbo, kitambaa begani, furushi la unga wa dengu za kukaanga, chupa ya achari ya maembe aliyoipakata kama mtoto. Nikamgusa miguu kwa heshima. Akanitazama kwa lile jicho zima, kuanzia juu mpaka viatu. Akasema, "Umekonda, mkwe." Nikasema ni kazi. Akasema anaona.

Nikamkalisha juu ya toroli na furushi lake. Tukashuka hivyo mpaka kituo cha treni, yeye juu kama bwana harusi, mimi nasukuma. Watu wakacheka. Yeye akawapungia mkono. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba niliimba kidogo. Kwa jinsi ndege ilivyocheleweshwa na ukungu, zamu ya Jibach ilikuwa imekwisha. Hata mbingu zilikuwa upande wangu.

Tukafika getini, akashuka. Nikatoa tiketi, nikampa moja. Akaishika kwa vidole viwili. Akauliza nani kanunua.

Hapo ningeweza kusema wamezigawa. Ningeweza kusema ni zawadi ya serikali kwa wazee. Lakini nilitaka ajue. Siku tatu nilikuwa naiishi dakika hiyo. Nikatoa kifua nje, nikasema, "Ni mimi, Baba. Nimelipa kwa pesa yangu mwenyewe. Jibach hajatoa hata senti."

Mzee akarudi nyuma hatua moja. Akanirudishia tiketi, akakaa juu ya furushi lake, katikati ya njia.

Akaniuliza kama nimezaliwa Madhubani au nimeokotwa. Akasema Tetari ameolewa miaka tisa, na miaka tisa hiyo yeye hajanywa hata maji kwenye nyumba ya Tetari. Akasema hata huku amekuja na unga wake, asije akala cha binti. "Na wewe unataka nibebwe kwa nauli ya Phulo? Nikifa njiani je? Niende kwa Mungu nikiwa nimepandishwa na binti yangu?"

Nilijua. Kwetu kila mtu anajua, hata mtoto anayetambaa. Kwa binti aliyeolewa mzazi hutoa, hapokei. Pesa ya mkwe ni pesa ya binti. Kwa siku tatu niliwaza kila kitu kuhusu treni ile, dakika zake na mageti yake, na jambo hili moja halikupita kichwani. Kichwa kilikuwa kimejaa Jibach.

Nikasema, basi Baba, nirudishie hiyo nauli. Akasema dhambi si deni, hairudishwi. Nikasema tupande basi. Akasema basi nalo nitataka kulilipia. Akauliza mjini ni umbali gani kwa miguu. Nikamwambia. Akaanza kuifunga shuka yake vizuri kwa safari.

Watu walikuwa wanatupita kwa masanduku yenye magurudumu. Askari akatuambia tusogee. Mzee akamwambia anasogea, anakwenda mjini. Nikaona Phulo wangu anabaki kuchota maji kwa baba yake mpaka azeeke.

Jibach akatokea. Zamu ilikwisha zamani lakini alikuwa bado yuko chini kwenye jukwaa la treni, sare mwilini, ufagio mkononi, anatazama kila treni. Alipoona Baba hashuki akaja kumtafuta. Akamgusa miguu. Akatazama tiketi mkononi mwangu, akautazama uso wangu, akaelewa yote. Hiyo ndiyo tabia yake mbaya kuliko zote, kuelewa.

Hakumpa mzee tiketi. Hakumbembeleza. Akasema tu, "Baba, dirisha la tiketi ni lile pale. Hakuna foleni."

Kwisha. Mzee akainuka, akaenda, akafungua fundo la shuka, akakata tiketi yake. Kisha akarudi na ya pili, akanipa mimi. Mzazi humpa mkwe, hiyo ni sawa, hiyo ni baraka. Nikaingia kwa tiketi ya baba mkwe wangu, na zangu mbili mfukoni.

Ndani nilikaa na Baba. Jibach alisimama. Mzee akamwambia akae. Jibach akajibu polepole kwamba mwenye sare haruhusiwi kukaa. Baba akauliza hajawahi? Akasema miaka sita, hajawahi.

Sikucheka. Niliegemea tu. Niliegemea vizuri kabisa.

Treni ilipopanda juu, magari chini yetu, mzee alibandika jicho lake zima kwenye kioo. Ilipozama chini ya ardhi, akiwa bado anatazama dirisha jeusi, akaniuliza sasa nalala wapi. Nilikuwa nimetayarisha uongo wenye madirisha mawili. Kabla sijafungua mdomo, Jibach akasema chumba kinachopakana na chao kitakuwa wazi mwisho wa mwezi. Wiki tatu amekuwa akimfuata mwenye nyumba kwa ajili yangu. Jana amekubali.

Wiki tatu, asiniambie neno. Mtu wa siri kiasi hicho si wa kuaminiwa.

Jumamosi, 8 Februari

Mzee amepasuliwa jicho jana, amefungwa bandeji. Analala nyumba ya wageni ya hekalu na kula unga wake. Leo alituita wote.

Alisema, "Jibach ana akili. Bechan hana." Tetari akatazama chini. Mzee akaendelea: "Lakini mtu ambaye anasahau hata desturi ya baba zake kwa kutaka kunipa kiti, binti yangu hatalala njaa kwake. Baada ya sikukuu ya Holi, Phulo atakuja."

Nikamshika miguu, nikalia kidogo. Sikumwambia kwamba siku ile sikuwa namfikiria yeye. Jibach alinipiga begani, akasema hongera mwanyumba. Macho yake nayo yalikuwa na maji. Daima lazima na yeye awe nayo.

Jumapili, 9 Februari

Nimekitazama chumba. Ni kizuri. Kina dirisha moja. Ukuta mmoja na Jibach. Phulo atakuwa anasikia "treni yetu" asubuhi na jioni.

Na kuna jambo baya zaidi. Phulo haji kwa ndege. Atakuja kwa treni ya kawaida kutoka Darbhanga, na treni hiyo inaishia karibu na kituo kilekile inapoishia treni ya Jibach. Jibach ameshasema yeye na Tetari watampokea. Na sare. Mke wangu, miaka mitatu sijakaa naye, ashuke, na mtu wa kwanza kumwona awe yule na jina lake kifuani.

Haitakuwa. Nina mpango. Nitamngoja Phulo Ghaziabad, kabla treni haijafika mjini. Nitamshusha na sanduku lake. Tutapanda mabasi mawili, labda matatu, tuzunguke mji wote mpaka uwanja wa ndege. Hapo tutaingia treni ya haraka, tukae kwenye viti laini, tuje mjini kama watu walioshuka kutoka angani. Jibach atakuwa amesimama na ufagio. Atatukuta tumekaa.

Hata nauli ipo tayari. Ninazo zile tiketi mbili, sikuzitumia. Nimezifunga kwenye karatasi ya nailoni, zisipate unyevu. Jibach alisema tiketi hufa siku ileile.

Wivu tu huo.