Tuta Langu na Askofu wa Musili

Jumatano, 4 Novemba 1998

Mvua imepasua tuta langu la chini! Limebaki shimo la kumeza ng'ombe. Na Jumamosi akina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kuchimba matuta hapa Kangundo, wanakagua mashamba yetu kabla ya kuchagua mwenyekiti. Kiti ni changu. Kalunde anakitaka. Tangu tuwe kwaya moja anataka kila nilicho nacho, hata sauti ya kwanza.

Bwana, nionyeshe njia.

Alhamisi, 5 Novemba

Njia imeonekana! Musili, mtoto wa kaka yangu anayesomea falsafa chuo kikuu, amekuja kusalimia. Anasema kuna wasomi wa aina mbili. Wa kwanza wanasema hujui kitu mpaka ukione, ukiguse, ukionje. Lakini kitu kiko pale hata ukigeuka. Wa pili wanaanzia hapo hapo, kwa macho na mikono, ila wanasema nyuma ya kile unachokiona hakuna kingine. Kitu kuwepo ni kuonekana. Basi!

Nikamuuliza hayo yalisemwa na nani. Akasema ni askofu fulani wa zamani.

Askofu! Mtu wa Mungu! Musili akaniambia, ngoja shangazi, sijamaliza. Mimi huyo, nimeshatoka na panga.

Ijumaa, 6 Novemba

Nimetandaza mabua juu ya shimo na kusimamisha nyasi za nepia kama zimeota. Safi kabisa. Mume wangu Nzioka akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia naondoa shimo. Akaingiza jembe, likazama lote, akasema shimo bado liko. Nikamwambia asiangalie.

Nzioka ni wa aina ya kwanza. Nitamwombea.

Jumamosi, 7 Novemba

Ole wangu.

Nilianza vizuri. Akina mama walipofika niliongoza maombi marefu, macho yote yamefumbwa. Nikapakua muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, pamoja na nyama. Mbinya na Kavata walikuwa tayari kunipa kura wakiwa wamekaa. Kalunde akafuta mdomo, akasema muthokoi ni mtamu, Mungu akubariki Mama Muindi, lakini tuta halikaguliwi kwa sahani. Akashuka shambani. Nikamfuata mbio nikimsihi arudi kuna chai. Akasema nepia hii mbona imenyauka, akakanyaga mabua.

Akazama mpaka kiunoni!

Wote wakaja. Niliwaambia kwa upole kwamba hakuna shimo. Kalunde, matope mpaka kwenye kitambaa cha kichwa, akaniuliza, "Haya dada, na mimi niko wapi?"

Kavata alicheka mpaka akakaa chini. Kalunde alichaguliwa akiwa bado humo ndani.

Jumapili, 8 Novemba

Baada ya ibada nimemkamata Musili. Ndipo akamalizia: yule askofu alisema Mungu huona kila kitu wakati wote, kwa hivyo vitu haviondoki hata watu wakigeuka. Kumbe shimo lilikuwa linaonekana na Bwana usiku kucha! Akasema pia shimo la askofu linavunja mguu sawa na la wale wasomi wengine. Aah, hapo sikusikiza sana. Furaha ilikuwa imenijaa, maana kosa langu nimelijua.

Nilifunika shimo badala ya kumfunika Kalunde!

Kesho anaongoza mkutano wake wa kwanza. Nitakaa mstari wa mbele, nifumbe macho kutoka mwanzo hadi mwisho. Watadhani naomba.