Amplifaya ya Baba Mkwe na Beseni la Unga

Jamani, leo nimeadhirika. Tena mbele ya baba mkwe!

Hapa mgahawani kwetu Bulyaga, Tukuyu, tuna amplifaya ya zamani ya kukuzia muziki wa redio, ile yenye taa za kioo ndani. Baba mkwe aliinunua enzi akifanya kazi kwenye migodi ya shaba kule Zambia. Tulipofungua mgahawa akatupatia kwa sharti moja: ikishawashwa asubuhi, isizimwe mpaka jioni. "Washa-zima inaua taa," alisema. Mume wangu, Baba Lusajo, hakubali. Wateja wakipungua tu, anazima. "Inakula umeme bure!" Ugomvi wa nyumba yetu ndio huo.

Mimi nilikuwa upande wa mzee. (Si kwa heshima. Subirini.)

Baridi ya Tukuyu mnaijua. Mvua, ukungu, halafu mvua. Unga wa maandazi unaukanda, unatia hamira, nao unakaa unakutazama tu. Lakini amplifaya ikiwaka ina joto zuri ajabu. Siku moja nikasogeza beseni karibu nayo. Lo! Unga uliumuka mpaka nikauogopa. Tangu hapo maandazi yangu ndiyo gumzo la mtaa, na jirani yangu Mama Rehema, ambaye yake hutoka magumu, ananiuliza siri kila tukikutana. Namwambia ni mkono tu. (Mkono!)

Sasa leo. Udadisi utaniua mimi. Nilitaka kujua: ikizimwa, lile joto linabaki muda gani? Kama linatosha kuumua unga, basi nimpe mume wangu ushindi wake na ugomvi uishe. Wateja wa asubuhi walipotoka nikazima mwenyewe, nikaweka beseni juu yake kabisa, si pembeni kama siku zote. Nikalifunika kwa kile kitambaa kirefu cha kupambia, nikaingia jikoni kungoja. (Na hamira nilizidisha, endapo joto halitatosha.)

Wateja wakaanza kurudi. Mara, "Hodi!" Baba mkwe! Ametoka kijijini kwake Kisondela bila taarifa. Kumbe Baba Lusajo alimtumia salamu kwamba mashine imechoka, bora tuwe na redio kaseti mpya kama hizi zilizojaa madukani siku hizi. Mzee amekuja kuisikia kwa masikio yake. Ikiwa kweli imechoka, anairudisha kwake.

Amplifaya ikienda Kisondela, maandazi yangu yanakwenda nayo!

Na beseni liko kulekule juu. Nikalitoe? Ningetokaje? Kwetu Wanyakyusa mkamwana hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Nikabaki nyuma ya pazia la jikoni, nachungulia kwa jicho moja. Mzee haoni vizuri siku hizi. (Baba Lusajo anaona vizuri, ila hajawahi kuona kitu kilichowekwa na mke wake.)

"Mbona haiwaki? Nani kaizima?"

"Leo si mimi, baba." Baba Lusajo akaiwasha. Kimya. "Umeona? Imekufa hii."

"Gwe, tulia! Ngoja ipate moto."

Ikapata moto. Kwaya ikaanza kwa mbali, halafu ikajaa mgahawa mzima. Mzee akafumba macho kwa raha. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kitambaa. Kitambaa kilikuwa kinapanda.

"Psst! Baba Lusajo!" Atasikia wapi! Unga ukavuka ukingo wa beseni, ukateremka taratibu, ukaingia kwenye matundu ya mashine. Kwaya ikakoroma. Moshi! Harufu ya mkate unaoungua!

Nikasahau mila, nikasahau pazia. Nikachomoka na ndoo ya maji.

"Usimwage!" Mzee akaruka, akachomoa waya ukutani. Tukabaki tumetazamana, pua kwa pua, mimi na baba mkwe, na ndoo katikati. Nikajifunika khanga usoni, nikapiga magoti palepale. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama Rehema alikuwa ameshaifuata harufu mpaka mlangoni. "Astaghfirullah! Shoga, kumbe mkono wenyewe ndio huu!"

Wateja walicheka mpaka chai ikawapalia.

Mzee hakucheka. Alibandua kipande cha unga kilichoivia kwenye mashine, akakitafuna polepole, kisha akanigeuzia mgongo ili aweze kusema nami kwa heshima.

"Mkamwana, ukiizima, joto linakaa muda gani?"

"Sijajua bado, baba. Ndicho nilichokuwa naangalia."

"Hata mimi sikuwahi kujua. Kule mgodini nilikuwa naanikia soksi juu yake. Nikiizima, zinabaki mbichi. Ndiyo maana nikasema isizimwe."

Baba Lusajo akatafuta kiti akakaa. Ndoa yetu yote tumegombana kwa ajili ya soksi!

Basi, mzee kasema mashine inabaki. Ikishapoa tutaisafisha, na beseni lirudi pembeni. Siri tu ndiyo imekwenda. Hivi ninavyowasimulia, Mama Rehema amesimama mlangoni na beseni lake, anauliza kesho tunawasha saa ngapi.

Naombeni msinicheke. Na mkija kunywa chai mkakuta andazi laini, kuleni tu, msiulize limelala wapi.