Kompyuta Imeshasema

Temeke nzima, mtu aliyewahi kusimama mbele ya Kompyuta alikuwa mmoja tu: Apolinari! Na hakuna aliyeachwa bila kuambiwa.

Alikuwa tarishi wa ofisi moja ya serikali mjini. Siku moja alitumwa kupeleka mafaili kwenye chumba cha mashine mpya. Mlangoni akaamriwa avue viatu! Ndani baridi inauma, watu wamevaa makoti meupe, wananong'ona, na mashine yenyewe inanguruma ikipepesa taa. Apolinari akapiga magoti. Kusema kweli aliangusha faili, lakini alipofika chini akaona bora atulie hapohapo.

Tangu hapo akilitaja jina la Kompyuta, anavua kofia. Jioni baraza lake linajaa watu, viatu nje!

"Inajua yaliyopita na yajayo," aliwanong'oneza. "Haikosei!"

"Inakula nini?" akauliza jirani yake Bi Mauwa, muuza vitumbua.

"Karatasi."

"Hata mbuzi wangu anakula karatasi, na hajanitabiria kitu!"

Waumini wakamzomea.

Ukaja uchaguzi wa balozi wa nyumba kumi, wagombea wawili: Apolinari na Bi Mauwa. Ubalozi huo Apolinari aliutaka mpaka usingizi ukampaa. Akapita mbele ya chumba kile, akaiuliza mashine kimoyomoyo, na taa ya kijani ikawaka. Alirudi mbio!

"Imesema mie nitashinda!"

Siku ikafika. Kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka. Nyuma ya Bi Mauwa wakajipanga wateja wake. Nyuma ya Apolinari, ukuta!

Akatoka mbio hadi kwa Mzee Audax, muumini wake mkubwa, akamkuta kajinyoosha mkekani.

"Shikamoo mzee! Mbona huji kunichagua?"

"Marahaba. Kukuchagua tena? Kompyuta si imeshasema? Mie nani niisahihishe?"

Akakimbilia nyumbani. Mkewe, Eufrazia, alikuwa anageuza pilau la ushindi.

"Mke wangu, hata wewe?"

"Sasa niache sufuria liungue, na matokeo tunayo?"

Aliporudi uchaguzini, katibu wa tawi alishamtangaza Bi Mauwa. Na amri ya kwanza ya balozi mpya ilikuwa pilau lisiharibike! Msafara ukaelekea kwa Apolinari, waumini wake mbele. Yeye akakabidhiwa birika na beseni, akawa ananawisha wageni mikono mpaka magharibi.

"Usinune, jirani," Bi Mauwa akamwambia, akijifuta vidole. "Mashine yako haikukosea. Si ilisema utashinda? Basi umeshinda hapa kutwa nzima, unanawisha watu!"